Usingizi wa Awuor

Juzi mafuta ya kupikia yaliisha hapa kwetu Migori, na mjukuu wangu Lavenda, ambaye akishikwa na njaa hangoji mtu, akakoroga unga wa ngano na maji tu, akaumwaga kwenye kikaango kikavu. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua maharagwe. Harufu ikanijia. Haikuwa harufu ya chapati. Chapati inanukia mafuta, inanukia wageni. Hii ilikuwa harufu ya unga mtupu unaokaukia kwenye chuma cha moto, harufu nyembamba, kama ya nguo iliyopigwa pasi ya makaa. Mikono yangu ikasimama. Nikasema, "Awuor," kwa sauti, na Lavenda akachungulia kutoka jikoni.

"Dani, unaita nani?"

Basi wewe unayesoma, kaa hapa karibu nikueleze niliyemwita, kama nilivyomweleza Lavenda.

Awuor alikuwa dada yangu mkubwa. Jina lake la ubatizo lilikuwa Veronika. Baba yetu alikuwa Odero, mama yetu Pilista, na mama yake baba, tuliyemwita dani kama Lavenda anavyoniita mimi sasa, alikuwa Abuya. Shule nilisoma kidogo, nikaachia darasa la tatu, lakini majina sijapoteza hata moja. Nimepoteza meno, nimepoteza mume, nimepoteza shamba la pamba. Majina yote ninayo. Boma letu lilikuwa upande wa Magunga, pale mlima unaposhuka kuelekea lile bonde ambalo siku hizi ni mbuga ya Ruma na watu wanalipa kuingia kutazama twiga. Wakati wetu nani angelipa? Bonde lilikuwa na mbung'o, wale inzi wa kahawia wanaouma hata juu ya nguo. Tulikatazwa kushuka huko, na tulishuka, kwa sababu kuni nzuri zilikuwa huko.

Misheni ilikuwa ng'ambo ya kilima. Sista mmoja wa Ulaya, Sista Gertruda, alikuwa amewachukua wasichana wachache wa kumsaidia kazi za kanisa: Konsolata binti Ogola, Felista wa kwa Ndege, na dada yangu. Kazi ya Awuor ilikuwa kuoka hostia, ile mikate myembamba ya komunyo. Kulikuwa na chuma chenye mabapa mawili na mikono mirefu, unakipasha moto juu ya makaa, unamwaga uji wa unga na maji, hakuna chumvi, hakuna sukari, unafunga, unasikia unalia kwa mvuke, unafungua. Inatoka karatasi nyeupe yenye alama ya msalaba. Kisha unachukua kikato cha duara na kukata hostia moja moja. Zile za duara zinakwenda kwa padre. Kinachobaki ni kingo, karatasi yenye matundu kama wavu wa kuvulia samaki.

Kingo hizo ndizo zilizokuwa zetu. Jumamosi jioni Awuor alikuja nyumbani na kitambaa kilichofungwa fundo, na sisi wadogo tulimwona toka mbali, tukakimbia. Mimi nilikuwa naweka kipande usoni na kumtazama mama kupitia tundu. Kilikuwa hakina ladha yoyote, kinashika juu ya ulimi halafu kinayeyuka, na sisi tuliona hakuna kitu kitamu duniani kama hicho. Ndugu yetu Joakim alikataa kutafuna, akasema atamtafuna Yesu. Awuor akacheka, akamwambia, "Kula, Joakim. Hizi hazijabarikiwa. Ni unga ule ule, moto ule ule, lakini kikato hakikuziangukia. Ni chakula tu."

Siku aliyoniambia kuhusu wito tulikuwa tunapepeta mtama nyuma ya ghala. Alisema tu, kama mtu anayesema mvua inakuja. Mimi ni Atieno, lakini yeye aliniita Atis.

"Atis, Mungu ameniita."

Nikauliza, "Amekuita nani? Awuor ama Veronika?"

Alifikiri kidogo. "Hakutaja jina."

"Sasa ulijuaje ni wewe? Labda alikuwa anamtaka Felista."

Akanipiga bega kwa ungo na makapi yote yakaniingia kwenye nywele. Lakini baadaye alinieleza vizuri. Alisema si sauti. Alisema anapofungua kile chuma asubuhi na kuona karatasi nyeupe bila doa, moyo wake unatulia mahali pamoja, na hautulii hivyo mahali pengine popote, wala kisimani, wala kwenye ngoma, wala vijana wanapompigia mluzi barabarani. Mimi sikuelewa. Nilikuwa mtoto, moyo wangu ulikuwa unatulia kila mahali.

Dani Abuya alipopata habari alicheka mpaka akakohoa. "Mtu anakuita humwoni, na wewe unaitika? Nyathina, mwanangu, nilikulea hivyo?" Alitufundisha sote kwamba sauti ikikuita na humwoni mwenye kuita, funga mdomo. Mama yeye aliendelea kukoroga kuon, ugali wetu, mpaka ukashika chini ya sufuria.

Tatizo lilikuwa baba. Nawe usidhani alikuwa mtu wa kupinga kanisa. Odero alikuwa amefyatua matofali ya kanisa lile kwa mikono yake, alikuwa anafunga Ijumaa, alikuwa na mke mmoja wakati ndugu zake walikuwa na wengi. Alikubali mambo yote ya padre isipokuwa hili, na sababu yake ilikuwa moja tu.

Kwetu siku zile msichana akishakua hana kaburi kwa baba yake. Kaburi lake liko kwa mume, kule ambako bado hajafika. Akifa kabla ya kuolewa hapitishwi langoni. Ua wa nyuma unatobolewa, anapitishwa hapo, analazwa nje, kama mtu aliyekuja akakuta mlango umefungwa. Hakuna mzazi aliyependa kulitaja jambo hilo. Na sista haolewi.

Sista Gertruda alikuja mwenyewe kumwomba baba, akiongozwa na katekista Zakaria. Kiswahili cha Sista kilikuwa kimenyooka kama rula. Cha baba kilikuwa cha kuuzia ng'ombe sokoni. Mimi na Joakim tulikuwa nyuma ya mlango.

"Mzee Odero," Sista akasema, "najua kwenu binti ni ng'ombe."

Zakaria akaangalia dari. Baba akasema, "Sista, ng'ombe ninao. Mimi nauliza kitu kimoja. Huyu akikufa, nitamlaza wapi?"

"Ni msichana mdogo! Unazungumza kifo?"

"Kwani kwenu watu hawafi?" dani alidakia kwa Dholuo kutoka jikoni, na Zakaria akaona hilo halihitaji kutafsiriwa.

Sista akasema, pole pole, "Sisi masista tuna makaburi yetu, chini ya mikaratusi. Akiwa wetu, atalala pamoja na sisi."

"Akiwa wenu."

"Akiwa wetu, ndiyo."

Baba akamwita mama, akamwambia achinje kuku. Hivyo ndivyo tulivyojua amekubali. Dani alikula paja la kuku yule huku analia, akasema analia kwa sababu ya pilipili, na kuku hakuwa na pilipili.

Awuor alitakiwa aende kwenye nyumba ya malezi ya masista, mbali, upande wa milimani kwenye baridi. Siku iliyotangulia safari alisema mama asibaki akihangaika, akashuka bondeni na panga, akakata kuni mchana kutwa. Alirudi na mzigo, akashuka tena. Aliacha rundo lililofika dirishani. Shingoni alikuwa na madoa mekundu ya kuumwa na mbung'o, akawa anajikuna huku akiimba. Nani aliyajali? Sote tulikuwa na madoa. Kesho yake akapanda lori la pamba lililokuwa linakwenda Homa Bay, amekaa juu ya sanduku lake la bati, kitambaa cheupe kichwani, anatupungia mkono mpaka vumbi likamfunika. Sikuwahi kumwona mtu mwenye furaha namna ile, kabla wala baadaye, na nimehudhuria harusi nyingi.

Jumamosi zikaja bila kingo za hostia. Felista ndiye aliyekuwa anaoka sasa, na Felista alikuwa mchoyo.

Awuor alirudi mtama ulipokuwa unachanua. Hatukuambiwa anakuja. Aliletwa na sista mmoja kijana wa huko milimani, ambaye hakutaka hata kukaa, na lile sanduku la bati likawekwa chini ya ghala. Awuor alikaa juu yake kama alivyokaa kwenye lori, lakini kichwa kilikuwa kinaanguka mbele, kinainuka, kinaanguka.

Yule sista alizungumza kwa upole, sikatai. Alisema Awuor ni msichana mzuri, mtiifu, lakini hana wito. Anasinzia kanisani. Anasinzia kwenye tafakari, anasinzia akiwa ameshika ufagio, na usiku wenzake wakilala yeye anatembea ukumbini. Mlezi wao alimwonya, akamwamuru afunge kula, akamwombea. Alimpigisha magoti mbele ya Sakramenti, akasinzia hapo hapo kwenye magoti. "Mwenye kuitwa hukesha," sista akasema. "Mlezi ameona Mungu hamtaki kwa kazi hii."

Baba hakumsikiliza hadi mwisho. Alikuwa amechuchumaa mbele ya Awuor, anaangalia uso uliovimba chini ya macho. Akampa kikombe cha uji. Mkono wa Awuor ukatetemeka, uji ukamwagika kwenye sketi. Baba akasimama. Mtu yeyote wa upande wetu angejua. Hata mimi nilijua.

"Sista," akasema, "huyu hajakosa wito. Huyu ameumwa na inzi."

"Inzi gani?" sista akauliza.

Hakuwa mtu mbaya. Kwao hakuna mbung'o. Kwao mtu akisinzia, amesinzia. Watu wa nyumba ile walijua kupima roho na hawakujua ugonjwa wa malale, na sisi tulioujua ugonjwa hatukuwapo.

Alipelekwa hospitali Homa Bay, kwenye machela ya magunia mpaka barabarani, akadungwa sindano alizosema zinaunguza mpaka kwenye mifupa. Daktari akamwambia baba ugonjwa umeshapanda kichwani. Wangemleta mapema, akasema. Baba akamrudisha nyumbani.

Kuna siku alikuwa macho na akili yake ilikuwa safi, na hizo ndizo ninazokumbuka kwa uchungu zaidi. Nilikuwa nakaa naye kwenye kivuli cha ghala, namfukuzia inzi wa kawaida. Siku moja akanishika mkono.

"Atis, uliniuliza nilijuaje ni mimi. Uliuliza vizuri. Haikuwa mimi."

"Baba anasema ni mbung'o," nikamwambia.

"Najua."

Baba alikuwa anasuka kamba pale karibu, akasikia. Akaja akainama. "Awuor, mama yangu, nisikilize. Wewe uliitwa. Ni ugonjwa uliokuchukua usingizini. Ile nyumba ilikosea."

Awuor akamwangalia kwa huruma, kama yeye ndiye mzazi. "Baba, na mbung'o ni wa nani? Mungu angetaka niamke, ningeamka. Nilimwomba sana. Nilijibana kwa kucha." Akatuonyesha mapaja yake, na alama zilikuwapo, nyeusi, nyingi. Halafu macho yakafumba tena katikati ya maneno.

Baba akachukua kofia yake akaenda misheni. Alitaka jibu la kumletea wakati bado anasikia. Alitaka wamwambie kwamba yeye ni mtu wao, hata kama atakufa, ni mtu wao. Lakini Sista Gertruda alikuwa amehamishiwa nchi nyingine, na aliyechukua nafasi yake hakujua habari ya ahadi. Alimpa baba chai. Akamweleza kwamba makaburi yale ni ya waliofunga nadhiri, na Awuor hakufunga, na isitoshe alikwisha kurudishwa. Baba aliporudi alitundika kofia kwenye msumari, akaikosa, ikaanguka, akaiacha hapo chini. Awuor alikuwa amelala. Hakuulizwa, hakuambiwa.

Alikufa adhuhuri, jua likiwa juu kabisa na watu wote wakiwa macho.

Wazee walikuja, na baba mdogo Okumu ndiye aliyetoboa ua. Ua wetu ulikuwa wa ojuok, ile mimea isiyo na majani yenye utomvu mweupe unaoweza kumpofusha mtu. Wakampitisha pale. Padre hakuja, alikuwa safarini. Zakaria ndiye aliyesoma sala, amesimama kwenye lile tundu, mguu mmoja ndani na mmoja nje, na utomvu ukadondokea kitabu chake. Dani Abuya, ambaye alikuwa amecheka, alitupa kitambaa chake cha kichwa kaburini.

Sasa sikiliza kilichofuata, kwa sababu ndicho kilichonichukua miaka kuelewa.

Baada ya mvua kuanza, baba akawa kila jioni anakata vijiti vya ojuok kwenye ua wa zamani, anavipanda kule nje. Kijiti hapa, kijiti pale. Ojuok haihitaji kubembelezwa, unachomeka, inashika. Sisi watoto tulidhani anapanua zizi. Joakim akafurahi kwamba tutanunua ng'ombe. Baba alirudi ndani macho yamekuwa mekundu, yamevimba, na mama akamwosha kwa maziwa, maana hiyo ndiyo dawa ya utomvu ule. Nilimwambia, "Baba, vaa kofia, utomvu utakupofusha," na akasema, "Ndiyo, Atieno, ni utomvu."

Alikuwa anauzungushia ua kaburi la Awuor. Desturi ilisema alazwe nje, naye akamlaza nje. Lakini hakuna aliyewahi kusema kwamba ua hauwezi kusogea. Ule mstari mpya ulikuwa unapita nyuma ya kaburi, unapinda, unarudi kukutana na wa zamani. Siku ungekutana, Awuor angekuwa ndani. Angekuwa wa mtu.

Haukukutana. Mdogo wetu wa mwisho, Ochieng', alishikwa na surua, na surua mwaka ule ilichukua watoto katika maboma mengi, ya wenye kufuata desturi na ya wasiofuata. Lakini wa kwetu alipokufa, baba mdogo Okumu alikuja akasimama kwenye pengo lililobaki, akalipima kwa macho. Akasema mbele ya watu, "Ndugu yangu, unamwingiza ndani mtu ambaye hana mlango. Umeona anavyojitafutia nafasi kwa kumtoa mtoto?" Mama alikuwa amempakata Ochieng' bado. Akainua uso akamtazama baba.

Baba alichukua panga, akaenda akavikata vijiti vyote kwa mkono wake, vile vilivyokuwa vimefika kiuno changu. Siku ile mama hakutoa maziwa ya kumwosha macho. Nikafikiri mpango wa ng'ombe umeshindikana. Aliendelea kwenda kanisani, lakini alikaa nyuma mlangoni, na wakati wa komunyo alitoka nje.

Mimi niliolewa Muhuru Bay kwa Onyango, nikaanika omena, wale dagaa wa ziwani, miaka yote ya nguvu zangu, nikazaa, nikazika. Kaburi langu lipo tayari huko, kando ya la Onyango, limejengewa kabisa, wajukuu wanaketi juu yake wakichezea simu. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama niliitwa. Mwaka jana nilirudi Magunga kumzika Joakim, nikaomba nionyeshwe nyuma ya boma letu la zamani. Shamba liliuzwa, mwenyewe wa sasa analima kwa trekta. Nilisimama katikati ya mahindi na fimbo yangu, nikageuka huku, nikageuka kule. Sikuweza kusema ni hapa.

Hapa Migori padre wetu hutuhubiria kila mwaka habari ya miito, kwamba kila mtu ameitwa na mwenye kuita hakosei. Nilimfuata siku moja, nikamweleza habari ya dada yangu. Akanishika mikono yote miwili, akasema Mungu anaangalia nia. Ni jibu zuri. Nimelibeba kila mahali, wala halijanipunguzia kitu. Awuor mwenyewe hakulisikia. Yeye alikufa akiamini kwamba alisikia vibaya, kwamba ile asubuhi nyeupe juu ya makaa ilikuwa ya Felista, na Felista, kama hujui, aliolewa na mwenye duka. Nilipokuwa mtoto nilidhani dada yangu aliuawa na usingizi. Sasa najua usingizi ulichukua mwili tu. Kingine kilichukuliwa na watu waliokuwa na hakika, wa nyumba ile na wa nyumba yetu, na sijui ni nani atakirudisha.

Lavenda alisikiliza yote hayo amesimama, kikaango mkononi. Akauliza, "Lakini dani, kwani huyo Awuor alikuwa sista ama hakuwa?"

Nilimtazama. Tangu niwe na akili naulizwa mambo ya majina na ninajibu: nani binti wa nani, nani alizikwa na nani. Hili sikuweza. Siku hizi hostia zinakuja kanisani zimenunuliwa, zimekatwa zote duara, hakuna kingo, hakuna mtoto anayesubiri Jumamosi.

Lavenda alikuwa ameshakula katikati ya ile chapati yake. Zile kingo zilizoungua alikuwa anakwenda kuzitupia kuku. Nikamwambia alete. Nikaziweka juu ya ulimi, moja moja, zikashika, zikayeyuka. Alikuwa amesahau chumvi.